Drosera: Mmea wa Chungu Usiotaka Rutuba

Ipe drosera udongo mweusi wa shambani, samadi iliyooza vizuri na maji ya bomba kila asubuhi, nayo itakufa. Haifi siku ileile. Kwanza matone yanayong'aa majanini hutoweka, kisha ncha za majani hukauka na kuwa nyeusi, mwishowe kitovu cha mmea huoza. Aliyeipanda huiona inadhoofika, akadhani ina njaa, akaiongezea mbolea, na hapo ndipo anapoimaliza. Mmea wa mazungumzo ya leo, msikilizaji, unapendwa sana na wapanda maua wa Ulaya, Marekani na Japani, na wengi wao huupoteza kwa namna hiyo hiyo, kwa sababu wanaulea kama waridi au mchicha.

Drosera ni mimea midogo inayokula wadudu. Wataalamu wa mimea wamekwisha kuorodhesha aina karibu 200, nazo zinapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Zipo zinazoenea juu ya sarafu, na zipo za Australia ambazo shina lake hurefuka hadi kuzidi mita moja. Silaha yao lakini ni moja: jani lililojaa vinywele vyekundu, kila kinywele kina kichwa, na juu ya kila kichwa kuna tone angavu la ulimbo.

Kisubi akitua hapo, mguu mmoja hunasa. Anapovuta ili ajinasue hugusa tone la pili na la tatu, na ulimbo humziba matundu ya kupumulia yaliyo ubavuni mwake. Wakati huo vinywele vya jirani vimekwisha kuanza kuinama kumwelekea. Mwenye subira akikaa na kutazama ataviona vikisogea. Katika drosera ya Cape, Afrika Kusini, jani lenyewe hufuata, likajikunja polepole kumzunguka mdudu. Kisha hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama yake laini, likafyonza nitrojeni na fosforasi, na baada ya siku kadhaa hujikunjua tena. Kinachobaki juu yake ni ganda kavu na mabawa.

Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, aliyaona mambo haya katika majira ya joto ya mwaka 1860, kwenye uwanda wenye unyevu huko Sussex. Alichuma mimea 12 ya drosera yenye majani ya mviringo, akahesabu majani 56 yaliyofunguka, na juu ya majani 31 akakuta wadudu waliokufa au mabaki yao. Tangu hapo hakutulia. Aliilisha mimea nyama mbichi, ute wa yai na jibini, kisha akaiwekea vipande vya kioo na vya makaa ili aone kama itatofautisha chakula na takataka. Ikatofautisha. Kioo kiliviinamisha vinywele, lakini vikainuka tena mapema. Nyama ilivishikilia kwa muda mrefu zaidi. Matone ya maji, hata yakianguka kwa nguvu, hayakuvishtua, na ni wazi kwa nini: mmea wa mahali penye mvua ungejichosha bure kama ungefumba kwa kila tone. Kitabu cha Darwin juu ya mimea inayokula wadudu kilitoka mwaka 1875, na sehemu kubwa yake ni drosera hiyo moja.

Mwanawe Francis aliendeleza kazi. Alitenga mimea ili isijikamatie wadudu, mingine akailisha vipande vidogo vya nyama, mingine akaiacha, na mwaka 1878 akatangaza kwamba iliyolishwa ilitoa mbegu nyingi zaidi kwa mbali. Kwa hiyo anayeuliza kama drosera ya dirishani itakufa asipoipa wadudu, jibu ni hapana. Itaishi kwa mwanga na maji. Itakua taratibu tu, na mbegu zake zitakuwa chache.

Basi, kama chakula kinaingia kwa njia ya majani, mizizi ina kazi gani? Inashikilia mmea na kunywa maji, na imezoea maji matupu kabisa. Drosera huota mahali ambapo mvua na chemchemi zimekwisha kuifua ardhi chumvi zake zote. Drosera capensis, ile ya Cape nchini Afrika Kusini, huota kando ya vijito na penye maji yanayovuja kutoka kwenye miamba ya mchanga, ardhi ambayo mkulima wa mahindi angeipita bila kugeuka. Mizizi iliyozoea umaskini huo ikikutana na mbolea huungua. Kila kanuni ya kulea drosera ndani ya nyumba inatoka hapo, na mtu akilielewa jambo hili hahitaji kukariri kanuni nyingine.

Aina hiyo ya Cape ndiyo ya kuanza nayo. Majani yake ni membamba na marefu, huchomoza kila upande kutoka shinani, na huvumilia makosa ambayo ndugu zake hawayavumilii. Hupenda joto la kati, la kama nyuzi 10 hadi 28, kwa hiyo Nairobi, Arusha, Iringa na Kigali ni nyumbani kwake kabisa. Kwenye fukwe zetu, joto la Januari na Februari huitesa. Huko afadhali aina za nchi za joto kama Drosera burmannii, au zile Drosera spatulata zinazotoka Asia ya Kusini Mashariki.

Maji ndiyo yanayoamua kila kitu. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa yana chumvi, na mikoa mingi ya bara visima vyake vina chokaa. Kipimo kiko jikoni: birika likiwa na ukoko mweupe ndani, maji hayo hayafai. Kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa maji hupungua na chumvi nyingi hubaki palepale. Maji ya chupa ya kunywa nayo yana madini, mara nyingine yameongezwa kiwandani. Wenye kifaa cha kupima chumvi hutafuta maji yenye chumvi isiyozidi miligramu 50 kwa lita.

Yanayofaa ni maji ya mvua, na hapa mtu wa Afrika Mashariki ana bahati kuliko wapandaji wa miji mingi wanaolazimika kununua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ioshe bati na mifereji, vumbi na kinyesi cha ndege viondoke. Inayofuata ndiyo ya kukinga. Madumu machache ya masika, yakifunikwa vizuri, yatafikisha vyungu viwili au vitatu hadi vuli. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi nayo yana madini machache sana, na wapo wanaoyatumia bila tatizo, ila yakingwe kwenye chombo safi na mtambo uwe unasafishwa. Wengine hununua maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Hapo lazima mtu asome chupa kwa makini, kwa sababu kwenye rafu hiyo hiyo huuzwa tindikali ya betri, na tindikali huunguza mkono kabla ya kuua mmea.

Maji hayamwagwi juu. Chungu chenye matundu chini huwekwa ndani ya sahani yenye maji ya kina cha sentimita 1 hadi 2, na udongo hujinywea wenyewe kutoka chini. Vitabu vya Ulaya husema sahani isikauke kamwe. Ushauri huo umeandikwa bila kumfikiria mbu wa dengi. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza hupenda hasa vyombo vidogo vya maji safi kama hivyo. Katika joto letu, yai huweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hadi siku 10. Kwa hiyo sahani iachwe maji yaishe ndipo yaongezwe, udongo ukiwa bado umelowa, na kila wiki imwagwe na kusuguliwa kingo zake, maana mayai hushika pembeni. Drosera haidhuriki hata kidogo kwa siku moja ya sahani kavu.

Kuhusu udongo, mchanganyiko uliozoeleka ni nusu piti, yaani ile mboji kavu ya vinamasi vya kaskazini, na nusu mchanga wa kwatzi au perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi zinazouzwa kwa wenye vitalu vya maua. Piti isiwe imetiwa mbolea. Mifuko mingi ya madukani imetiwa, na imeandikwa. Mchanga wa pwani haufai, una chumvi na vipande vya makome na matumbawe. Mchanga wa mto hupimwa kwa siki: weka kiganja kimoja kwenye bilauri, mimina siki, ukitoa povu una chokaa, uache. Ukinyamaza, uoshe mara nyingi mpaka maji yatoke safi.

Piti yenyewe ina gharama yake. Vinamasi vinavyochimbwa vimechukua maelfu ya miaka kujijenga, vimehifadhi kaboni nyingi mno, na ndimo drosera za Ulaya zinamoota. Ujerumani, kwa mfano, drosera za porini zinalindwa kwa sheria. Si jambo zuri kubomoa nyumba ya mmea porini ili kuulea dirishani. Chungu cha sentimita 10 kinahitaji konzi chache tu, na udongo wake hudumu miaka miwili au zaidi, basi mtu anunue kidogo, atumie kwa muda mrefu. Njia nyingine ni sfagnamu iliyokaushwa, aina ya kuvumwani inayovunwa Chile na New Zealand na kuota tena. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yanapatikana kwetu kwa urahisi, lakini yana chumvi nyingi. Yalowekwe na kukamuliwa kwa maji ya mvua mara kadhaa, na hata hivyo si kila mara mmea huyapokea.

Chungu kiwe cha plastiki. Vyungu vya udongo wa mfinyanzi vinapendeza, ila hutoa chumvi yao wenyewe na kuikusanya ile ya maji.

Mwanga sasa. Drosera inataka jua, na yenyewe hutoa taarifa: vinywele vikiwa vyekundu na matone yakiwa manene, mwanga unatosha; majani yakiwa marefu, kijani kitupu na makavu, hautoshi. Dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi kwa muda wa saa tatu au nne ni zuri sana. Dirisha la magharibi nalo hufaa kama halichomi. Kwa ndugu walioko London, Oslo au Toronto, dirisha peke yake halitoshi miezi ya baridi, hivyo huwasha taa za LED nyeupe sentimita 20 au 30 juu ya mmea, kwa saa 12 hadi 16 kila siku.

Mmea uliosafirishwa hufika bila matone, na wengi huingiwa na hofu hapo, wakaanza kuunyunyizia maji, kuuhamisha, kuufunika kwa chupa. Uachwe. Uwekwe mahali pake, wenye maji chini na mwanga juu. Majani ya zamani huenda yasirudie hali yake kabisa; la kutazamwa ni jani jipya linalofunguka kitovuni, na likifunguka na matone yake, mmea umeshika.

Katika nyumba zetu zenye madirisha wazi, drosera hujitafutia: visubi, inzi wadogo wa ndizi mbivu, hata mbu. Palipo na nyavu, mtu anaweza kuweka mdudu mmoja mdogo kwenye jani moja au mawili kila baada ya wiki mbili. Asitumie mdudu aliyeuawa kwa dawa ya kupuliza. Chembe ya chakula cha samaki wa mapambo, ikiloweshwa kidogo, hufanya kazi vilevile. Nyama aliyoitumia Darwin iachwe kwa Darwin, maana kipande kikizidi uwezo wa jani huota ukungu, na jani huoza nacho. Adui mkubwa ni vidukari, ambao hujificha kitovuni wakafanya majani mapya yatoke yamepinda. Sabuni huyaunguza majani. Tiba ni kuuzamisha mmea mzima na chungu chake ndani ya ndoo ya maji ya mvua kwa siku moja au mbili. Vidukari hufa, drosera hutoka salama, na ulimbo hurudi baada ya siku chache.

Sehemu inayowafurahisha wapandaji kuliko zote ni kuizalisha. Drosera ya Cape hutoa kikonyo kirefu chenye maua ya rangi ya waridi, nayo hufunguka moja moja, kila ua siku yake, asubuhi, kisha hufunga lisifunguke tena. Haihitaji nyuki. Linapofunga, chavua yake hugusana na sehemu ya kike na mbegu huanza. Baada ya wiki kadhaa vifuko hugeuka kahawia, na vikigongwa juu ya karatasi nyeupe humwaga mbegu nyeusi, nyembamba, nyingi kama vumbi. Hunyunyizwa juu ya udongo uliolowa na hazifukiwi, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Chungu kifunikwe kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, na katika wiki tatu au nne, mara nyingine zaidi, vitaonekana vijani vya kijani visivyozidi kichwa cha pini, navyo tayari vina matone.

Njia ya jani ina mvuto wake wa pekee. Jani changa lenye afya hukatwa vipande vya sentimita mbili hivi, vikaelea ndani ya bilauri ya maji ya mvua au yaliyokenekwa, mahali penye mwanga usio wa jua kali. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili vipande huonekana vimefifia, na anayeanza hutaka kuvimwaga. Asivimwage. Kuanzia wiki ya tatu na kuendelea, vivimbe vidogo vya kijani hutokea juu ya jani, vikachanua kuwa machipukizi, pengine manne au matano kwenye kipande kimoja, kila moja likiwa ni mmea kamili. Maji yakigeuka kijani kwa mwani, yabadilishwe. Chipukizi likipata majani matatu na kimzizi, lihamishiwe kwenye udongo na kufunikwa, kisha mfuko ufunguliwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa ili lizoee hewa ya chumbani.

Mizizi nayo huzaa. Ya drosera ya Cape ni minene na myeusi. Kipande cha sentimita mbili au tatu kikilazwa juu ya udongo na kufunikwa kwa tabaka jembamba, huchipua. Ndiyo maana mmea uliokauka juu kwa uzembe wa wiki moja mara nyingi hurudi ukilowanishwa tena, na haufai kutupwa kabla ya mwezi au miwili kupita.

Wengi hawajui kwamba drosera zipo kwetu pia. Drosera madagascariensis huota katika vinamasi vya Tanzania na Uganda, na Drosera indica, ya msimu mmoja, imeenea sehemu nyingi za Afrika ya joto hadi Asia. Anayeiona kinamasini aipige picha, aichungulie kwa karibu, aiache ilipo. Inayong'olewa porini huwa imeshikamana na maji na udongo wa mahali pale, na kwa kawaida hufa njiani. Tena ukusanyaji wa porini una historia ya kutia wasiwasi: huko Madagaska drosera imekuwa ikivunwa porini kwa wingi na kukaushwa, ikapelekwa Ulaya kutengenezwa dawa ya kikohozi. Nyingine, Drosera regia ya milima ya Cape, imebaki katika eneo dogo mno. Mmea unaozaliana kwenye bilauri ya maji hauna sababu ya kuibwa kinamasini.

Na kuna upande wa pili. New Zealand imeiweka drosera ya Cape kwenye orodha ya mimea isiyotakiwa, kwa kuwa hujipandikiza kirahisi kwenye ardhi oevu na kuibana mimea ya asili. Uwezo uleule unaomfurahisha mpandaji unaweza kuwa balaa nje ya dirisha lake.

Kwa hiyo anayetaka kuanza, aanze kwa utaratibu. Mbegu au miche kutoka nje ya nchi inahitaji kibali: Kenya mamlaka ya kuuliza ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA, na kibali huombwa kabla ya kuagiza, si mzigo ukishafika. Mmea ukishazaa, miche ya ziada ipewe jirani, na hasa shule, ambako mwalimu wa baiolojia ataweza kuwaonyesha wanafunzi jani likifanya kazi badala ya kulichora ubaoni. Vikonyo vya maua vikatwe kabla vifuko havijapasuka kama mbegu hazitakiwi. Zinazotakiwa zifungwe kwenye karatasi na kuwekwa friji, ambako hudumu muda mrefu, na udongo wa zamani wenye mizizi uchomwe, usitupwe mtaroni wala karibu na kinamasi chochote.